Wageni wa Oktoba katika jumba la kale: joto, moto, paa na meza

Swali la msomaji: Shikamoo. Mimi ni dada mzaliwa wa Tanga, sasa niko Derbyshire, Uingereza. Nimeajiriwa kusimamia wageni katika jumba la kale la mashambani: vyumba vinane vya kulala, kumbi tatu zenye mbao ukutani, mazulia na picha za zamani, na bustani ya matufaa. Wageni wataanza kuingia wiki ya kwanza ya Oktoba, wa mwisho watoke mwisho wa Novemba. Mwenye nyumba anasema mgeni asisikie baridi. Mhifadhi wa vitu vya kale, anayekuja mara moja kwa mwezi, anasema nisipandishe joto. Moto wa kuni, chakula cha msimu, matembezi na mishumaa ya mezani vyote vimeniangukia. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba. Hao wawili wanaokuvuta huku na huku wote wana haki, na ubishi wao unaweza kuamuliwa na kifaa kidogo cha bei nafuu: kipima unyevu wa hewa. Nunua vinne. Weka kimoja katika kila ukumbi, kwa kimo cha kifua, mbali na moto, dirisha na redieta (kipasha joto cha ukutani). Cha nne kiweke kwenye chumba cha kulala cha upande wa kaskazini, ambacho kwa kawaida ndicho kibichi kuliko vyote. Andika namba kila asubuhi na kila jioni. Bila namba hizo utakuwa unabishana na hisia za watu.

Joto

Vitu vya kale haviumizwi na baridi kama vinavyoumizwa na unyevu unaopanda na kushuka. Mbao za ukutani, turubai ya picha, ngozi ya vitabu na sufu ya mazulia hunywa maji ya hewani na kuyatoa, na kila vifanyapo hivyo hutanuka au kusinyaa. Kiwango kinacholengwa katika majumba ya aina hii ni unyevu wa kati ya asilimia 50 na 65. Ukikaa juu ya 65 kwa siku nyingi, kuvu huota na wadudu wa mbao hustawi. Ukishuka chini ya 40, ubao hupasuka, gundi ya viti huachia, na rangi au dhahabu iliyopakwa kwenye fremu hubanduka. Aliyekulia pwani anaijua nusu ya kwanza ya habari hii kutokana na viatu vya ngozi vinavyoota ukungu kabatini wakati wa masika. Nusu ya pili, ya hewa kukauka kupita kiasi ndani ya nyumba huku nje mvua inanyesha, ndiyo inayowashangaza wageni wa nchi za baridi.

Hesabu yake ni hii. Hewa ya nje ya Oktoba yenye nyuzi 10 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 85 hubeba takriban gramu 8 za maji katika kila mita ya ujazo. Ikiingia ndani ukaipasha hadi nyuzi 15, maji ni yaleyale, lakini kipimo kitasoma kama 62. Ipandishe hadi nyuzi 21 anazozitaka mgeni, kitasoma kama 43. Umetoka kwenye usalama hadi ukingoni mwa hatari kwa kuzungusha kitasa cha redieta. Ndiyo sababu mhifadhi wako anakuzuia, na ndiyo sababu majumba mengi huendesha joto kwa kufuata unyevu: redieta huwaka pale unyevu unapopanda, na kwa wastani ndani huwa na joto la nyuzi tano hivi zaidi kuliko nje.

Usijaribu kuwapatanisha kwa kuweka nyumba nzima nyuzi 18. Utapata lawama za pande zote mbili. Gawa nyumba. Vyumba vya kulala, kama samani zake si za kale, viache nyuzi 19 au 20. Kumbi tatu ziache 14 hadi 16 mchana kutwa. Siku ya chakula cha jioni ukumbini, anza kupandisha mapema, nyuzi moja kwa saa na si zaidi, uishie 18, kisha uishushe vivyo hivyo polepole. Kinachovunja mbao ni kuzima kila kitu usiku na kufungulia moto kwa nguvu alfajiri, kosa ambalo wasimamizi wapya wengi hulifanya kwa nia njema ya kubana matumizi.

Mgeni naye umpatie joto palipo na mwili wake. Funga mapazia mazito na mbao za ndani za madirisha mara jua linapozama, maana kioo kimoja cha zamani hufyonza joto la mtu aliyekaa karibu nacho hata kama hewa ya chumba ni ya kuridhisha. Weka blanketi la sufu kwenye kila kiti. Ziba mwanya wa chini ya mlango kwa mto mrefu uliojazwa mchanga au nafaka. Na katika barua ya kuthibitisha nafasi, andika wazi kwamba kumbi ni za kale, zina nyuzi 14 hadi 18, waje na sweta. Sentensi hiyo moja hupunguza malalamiko kuliko redieta mbili. Mgeni aliyeambiwa mapema huona baridi hiyo ni sehemu ya nyumba. Asiyeambiwa huiona ni ubahili.

Kumbuka pia kwamba wageni wenyewe ni chanzo cha maji. Mtu aliyekaa ametulia hutoa gramu 40 hadi 50 za maji kwa saa kwa pumzi na ngozi. Watu 20 mezani kwa saa tatu wanakuachia lita mbili na nusu hadi tatu hewani, ukiacha mvuke wa supu. Ongeza makoti yaliyolowa. Kwa hiyo koti, mwavuli na buti havivuki mlango wa ukumbi: tenga chumba karibu na mlango wa nje chenye sakafu ya mawe, vigingi vya makoti vilivyoachana, beseni la kusimamishia miavuli na mashine ya kukausha hewa inayomwagwa tangi lake kila asubuhi. Weka benchi, maana mtu hawezi kuvua buti amesimama. Weka na kapu la ndara safi za sufu za saizi tofauti. Matope ya Novemba yana chembe za mchanga, na chembe hizo ndizo zinazokata nyuzi za zulia.

Moto wa kuni

Moto wa wazi haupashi sana chumba. Sehemu kubwa ya joto lake hupanda na dohani. Unautaka kwa sababu watu hukusanyika mbele yake, na kwa sababu huvuta hewa kutoka chumbani na kuondoa ule mvuke wa wageni.

Kabla ya Oktoba, mwite fundi wa kusafisha dohani, akupe cheti, na umwambie achunguze viota. Kunguru wadogo wa Ulaya hujaza vijiti ndani ya dohani wakati wa kuzaliana, na kiota kikavu juu ya moto huwaka chenyewe au huurudisha moshi chini. Kama mtawasha kila siku, mrudishe tena katikati ya msimu. Kila chumba chenye moto kiwe na king'ora cha kaboni monoksidi, nawe ukijaribu kila wiki.

Kuni ndizo zinazoamua kila kitu. Uingereza, tangu Mei 2021, kuni zinazouzwa kwa mzigo usiofikia mita 2 za ujazo hazitakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 20. Lakini kuni za shamba lenyewe hazina muuzaji wa kuzipima, na hapo ndipo mambo huharibika: mti ulioanguka kwa dhoruba majira ya kuchipua hupasuliwa kiangazi na kuletwa ukumbini Oktoba. Mwaloni unahitaji miaka miwili hivi tangu kupasuliwa. Nunua kipima unyevu cha kuni chenye sindano mbili, pasua gogo, upime uso mpya wa ndani. Ukipima gamba au ncha utadanganywa. Gogo lenye asilimia 30 hutumia joto lake kuchemsha maji yake, moshi wake hupoa njiani, na lami hujikusanya ukutani mwa dohani. Lami hiyo ndiyo inayowaka siku moja na kuungurumisha dohani nzima.

Kuwasha: fungua kizibo cha dohani. Viringisha kurasa mbili za gazeti, ziwashe, uzishike juu kwenye koo la dohani mpaka moshi uonekane unavutwa. Hewa baridi iliyokaa ndani ya dohani ni nzito, na usipoiondoa itausukuma moshi wote usoni mwako. Kisha gazeti lililokunjwakunjwa, vijiti vikavu kumi hivi vilivyopangwa kwa kupishana, na vipande vitatu vya kuni vilivyopasuliwa, unene wa kifundo cha mkono. Gogo kubwa lije baada ya nusu saa. Washa dakika 45 kabla wageni hawajaingia. Moshi ukiendelea kurudi ingawa dohani ni safi na kuni ni kavu, angalia feni ya jikoni: katika nyumba iliyozibwa vizuri, feni kubwa huvuta hewa kupitia njia iliyo rahisi, na njia hiyo ni dohani yako. Fungua dirisha dogo kidole kimoja, tatizo huisha.

Ingiza kuni za siku moja tu. Rundo la mapambo kando ya meko hupendeza pichani, lakini hubeba wadudu wa mbao na huwapa joto la kutoka. Wavu wa kuzuia cheche uwepo wakati wote ambao hakuna mtu mbele ya moto, gogo la mwisho liwekwe saa moja na nusu kabla ya ukumbi kufungwa, na majivu yaende kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, juu ya jiwe, nje, mbali na ukuta. Kaa huweza kuishi chini ya majivu siku mbili na zaidi. Usiyatie kwenye pipa la plastiki hata kama yameonekana kupoa tangu jana.

Paa, kabla ya kupamba chochote

Majani yakianza kupukutika, watu wote hutazama rangi zake. Wewe tazama gata. Majani ya siku tatu zenye upepo yanatosha kuziba mdomo wa bomba la kushushia maji, na kwenye majumba haya gata nyingi zimefichwa nyuma ya ukuta mfupi wa paa, hivyo maji yakifurika huingia ndani ya ukuta, hayamwagiki nje ukayaona. Ubao unaobaki na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hushambuliwa na kuvu la kuozesha mbao, nalo likishaingia nyuma ya mbao za ukutani, hesabu ya ukarabati huwa na sifuri nyingi.

Gata zisafishwe mara mbili angalau: mwishoni mwa Oktoba, na tena miti ikishakuwa mitupu. Anayefanya kazi hiyo awe mtu aliyefunzwa kazi za juu, tena wawe wawili. Atumie koleo la mbao au plastiki, maana gata za kale ni za madini ya risasi, laini, na koleo la chuma huzitoboa bila yeye kujua. Kazi ikiisha, subiri mvua kubwa, vaa koti, zunguka nyumba nje. Bomba linalovuja huonekana wakati wa mvua, na mstari wa kijani ukutani ukuonyeshe palipovuja mwaka jana.

Mwanga na nondo

Jua la Oktoba ni la chini. Kiangazi linaishia kwenye ubao wa dirisha. Sasa linaingia ndani mita kadhaa hadi kwenye zulia na viti vilivyosalimika miezi yote. Nguo na mazulia ya kale hupewa mwanga wa luksi 50, picha za rangi ya mafuta luksi 200. Kipimo cha mwanga ni cha bei nafuu, uwe nacho. Jirani yako Hardwick Hall, jumba la miaka ya 1590 la Bess of Hardwick lililosifika kwa madirisha yake makubwa, lina mazulia 13 ya ukutani yenye habari za Gideoni wa Biblia, ambayo kazi ya kuyasafisha na kuyashonea upya ilichukua miaka 24 na kukamilika 2023. Mwanga ulioingia hauondoleki. Kinachowezekana ni kushona tu. Shusha pazia jembamba upande wa kusini wakati jua linaingia, na ufungue mbao za dirisha saa za wageni tu.

Nzi wa darini na wadudu-kobe (mbawakawa wadogo wenye madoa) huingia kwa mamia kutafuta pa kujificha baridi. Wafyonze kwa mashine kila wiki. Mizoga yao hulisha mabuu ya wadudu walao sufu, ambao wakimaliza hapo huhamia kwenye sufu. Blanketi unaloshuku kuwa lina nondo, lifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, uliweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kwa kitu cha kale, mwite mhifadhi kwanza.

Vyumba vya kulala

Chumba ambacho hakijalaliwa wiki mbili huwa na godoro bichi hata kama shuka ni safi. Siku mbili kabla ya mgeni, washa redieta, inua godoro lisimame pembeni kwa saa chache, fungua kabati. Siku hiyohiyo shughulikia mabomba: bomba na bafu zisizotumika zifunguliwe angalau mara moja kwa wiki, maji yatiririke dakika kadhaa. Bakteria wa lejionela, wanaoleta ugonjwa mkali wa mapafu, hupenda maji vuguvugu yaliyotuama. Tangi la maji ya moto liwe nyuzi 60, na maji yanayofika bombani yafikie 50 ndani ya dakika moja. Weka tahadhari ya kuungua, hasa kwa watoto na wazee.

Chupa ya mpira ya maji moto kitandani hupendwa kuliko maua. Ijaze theluthi mbili, kwa maji yaliyochemka kisha yakaachwa kidogo, kamwe si yanayotokota. Ikamue hewa kabla ya kufunga. Ivalishe soksi yake ya sufu. Kwenye shingo yake kuna alama ya ua lenye mwaka katikati, nao ndio mwaka ilipotengenezwa. Ikizidi miaka miwili ya matumizi, itupe.

Mezani

Hapa msimu wenyewe unakufanyia kazi. Matufaa yako ya kupikia aina ya Bramley, ambayo mbegu yake ya kwanza ilipandwa Southwell, jirani tu kule Nottinghamshire, mwaka 1809, huwa tayari kuanzia mapema hadi katikati ya Oktoba. Usilivute. Liinue kiganjani na ulizungushe kidogo. Likiachia lenyewe limeiva, likigoma lipe wiki. Yaliyodondoka na yenye jeraha yapikwe wiki hiyohiyo. Ya kuhifadhi yawe mazima, yana kikonyo, yapangwe kwenye trei bila kugusana, mahali pa giza penye nyuzi 3 hadi 7 na hewa yenye unyevu. Usiyaweke chumba kimoja na viazi, kwani viazi hupitisha harufu. Yapitie kila wiki; moja lililooza huambukiza kwa kugusana. Yakitunzwa hivyo, Bramley hukufikisha hata baada ya mwaka mpya.

Tofauti ya kupika ni hii: Bramley huyeyuka kuwa uji mchachu, hivyo ni la mchuzi na la vitindamlo vya kufunikwa kwa makombo ya unga. Cox, tufaa tamu la kuliwa bichi, hubaki vipande, hivyo ni la kuokwa na nyama. Ukizibadilisha, chakula hakiharibiki, ila hakitakuwa kile ulichoandika kwenye menyu.

Fezanti, ndege wa porini wa ukoo wa kuku na kwale, huwindwa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 1 Februari. Mmoja hutosha watu wawili, au watatu wenye adabu. Akija na manyoya, huning'inizwa kwa shingo mahali pa baridi, siku tatu hadi tano. Oktoba ikiwa na siku za joto, punguza hadi mbili au tumia chumba cha baridi. Kosa la kawaida ni kumwoka kama kuku. Hana mafuta, na kifua hukauka kabla paja halijaiva. Kwa watu wanane, chukua ndege wanne waliokatwa vipande, uwakaange kwa siagi mpaka wawe kahawia, uwatoe. Kwenye sufuria hiyohiyo kaanga vitunguu vitatu, rudisha nyama, ongeza mililita 600 za juisi ya matufaa isiyotiwa sukari na mililita 400 za supu ya kuku, majani machache ya thaimu, funika, uweke kwenye oveni ya nyuzi 160 kwa saa moja na robo. Ndege mzee ataka saa mbili. Vipande vya Cox vilivyokaangwa pembeni viingie dakika kumi za mwisho. Katikati ya nyama pawe na nyuzi 75 kwenye kipimo.

Mambo mawili ya kumwambia mgeni kabla hajala. Kwanza, huenda akakuta chembe ya risasi ya bunduki. Papasa kila kipande kwa kidole, lakini usiahidi. Wajawazito na watoto wadogo wanashauriwa wajiepushe na nyama ya mawindo ya risasi, kwa sababu ya sumu ya madini hayo. Pili, usimhakikishie mgeni Mwislamu kwamba ni halali. Mweleze ndege alivyouawa, umwachie uamuzi wake, na uwe na samaki au chakula cha mboga cha hadhi sawa, si saladi ya kufidia. Kwa mapishi ya hapo juu, siagi na juisi vimeshachukua nafasi ya nyama ya nguruwe na sida (pombe ya matufaa) vya mapishi ya kawaida, hivyo angalau jiko lako halina la kuficha. Orodha ya vizio 14 (viambato vinavyowadhuru wenye mzio) ambavyo sheria ya Uingereza inataka vitajwe iwe imeandikwa kwa kila chakula; seleri iliyomo kwenye supu ya pakiti ndiyo inayosahaulika.

Saa kumi jioni ni chai. Skonzi za Kiingereza ni kazi ya dakika ishirini na tano: gramu 225 za unga wenye baking powder ndani yake, chumvi kidogo, gramu 55 za siagi baridi iliyosuguliwa kwa ncha za vidole, gramu 25 za sukari, mililita 150 za maziwa. Changanya kwa kisu, sukuma kwa mkono hadi unene wa sentimita mbili na nusu, kata vipande vinane, oveni nyuzi 220, dakika 12 hadi 15. Zikitoka bapa, ama uliukanda unga kama wa chapati, ama uliusukuma mwembamba mno. Zikitoka zimepinda upande mmoja, ulizungusha kikatio; kishindilie chini moja kwa moja. Na hazilali: zilizookwa asubuhi jioni si za kumpa mgeni. Majani ya chai yenyewe hayatakuwa mageni kwako, kwani sehemu kubwa ya chai inayonywewa Uingereza hutoka Kenya. Pasha birika kwanza, maji yawe yanatokota kweli, dakika nne, maziwa pembeni. Wachache wakitaka ya tangawizi na iliki, wapikie; nyumba haitaporomoka.

Matembezi

Kama shamba lina kulungu, Oktoba ni mwezi wao wa kupandana, na dume aliyejaa hasira hatambui mpaka wa njia ya wageni. Umbali usipungue mita 50, mbwa wafungwe kamba, na mtu asisimame katikati ya madume wawili wala kati ya dume na majike. Wapeleke asubuhi, na kiongozi awe mbele. Uyoga wautazame tu. Uyoga wa sumu ya kuua huota chini ya mialoni hiyohiyo, na hufanana vya kutosha na ule unaoliwa. Matembezi ya jioni yaanze mapema: Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na mwisho wa Novemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni.

Saa hizo za kale za ukumbini, kwa njia, usizirudishe mishale nyuma. Zile zinazogonga zina meno ya ndani yanayovunjika. Simamisha timazi (uzito unaobembea) kwa mkono uliovaa glavu, subiri saa moja, uiachie.

Mishumaa

Katika kumbi tatu, hapana. Masizi yake hutua kwenye picha na hayafutiki kwa kitambaa, nta hudondoka kwenye meza, na moto mmoja mezani hauna mwangalizi kama ule wa meko. Tumia taa za betri zenye mwanga wa manjano, na uziweke kwenye vinara vya nyumba vilevile. Wageni wengi hawataona tofauti wakiwa mita mbili. Hata taa za umeme zina masharti yake: moto wa Windsor Castle, kasri la kifalme, wa tarehe 20 Novemba 1992, uliounguza zaidi ya vyumba mia moja, ulianza kwa taa ya kumulika iliyogusa pazia. Kabla hujaenda kulala, kagua kila taa na pazia lililo karibu nayo, kisha moto wa meko, kisha mlango. Kama mwenye nyumba anashikilia mishumaa ya kweli, mpe chumba cha kulia chenye samani mpya, kinara kizito chenye bakuli la kudakia nta, na mtu mmoja ambaye kazi yake jioni hiyo ni kukaa humo mpaka wa mwisho uzimwe.